Meza ya Xi'an, jiko la Kunduchi

Tangu nirudi kutoka China, swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Sasa wewe Muislamu, kule ulikuwa unakula nini?" Naulizwa harusini, msibani, hata kwenye daladala. Mara nyingi anayeuliza ameshajijibu, maana anamalizia kwa kicheko na habari za nyoka na mende. Kicheko kile kinaniuma. Nimekaa kwenye nyumba za watu kule. Nimelishwa na kina mama walionijazia bakuli langu kabla ya lao, wakanimenyea matunda nikiwa nimeinamia vitabu vyangu. Sipendi utu wao wote ugeuzwe mzaha wa mende.

Kwa hiyo mama mkwe wangu alipokuja kututembelea kutoka Kilwa na kuniuliza swali lilelile, tena kwa upole kabisa, nilimwambia, "Mama, Jumamosi jioni usile kitu cha kukushibisha. Nitakuonyesha."

Nilisoma Xi'an, mji mkuu wa mkoa wa Shaanxi. Zamani uliitwa Chang'an na ulikuwa makao ya wafalme wa Tang. Misafara ya ngamia ya Njia ya Hariri ilianzia na kuishia pale, na wafanyabiashara Waajemi na Waarabu waliofika nayo, wengine walioa wakabaki. Wajukuu wa watu hao wamo ndani ya kabila la Wahui, Waislamu wanaozungumza Kichina, ambao leo ni zaidi ya milioni 10 nchi nzima. Karibu na Mnara wa Ngoma wa Xi'an kuna mtaa wao, na katikati ya mtaa, ukipenya uchochoro wenye maduka pande zote mbili, unatokea Msikiti Mkuu. Jiwe lenye maandishi lililopo pale linasema ulianzishwa mwaka 742. Majengo yaliyosimama sasa mengi ni ya enzi ya Ming, kuanzia mwaka 1392. Hakuna kuba. Ni nyua zinazofuatana, miti, mapaa ya mbao yaliyopinda ncha, na mnara wake ni nyumba ya ghorofa yenye pembe nane. Ukiingia ukumbi wa swala, kuta zina mbao zilizochongwa Kurani, kwa Kiarabu na kwa Kichina. Mara ya kwanza niliposwali pale nililia, na sioni haya kulisema.

Basi swali la nilikula nini lina jibu refu. Ukitoka msikitini unakutana na mishkaki ya kondoo iliyonyunyiziwa binzari nyembamba na pilipili ya kusaga. Unakutana na tambi pana zinazovutwa kwa mkono mbele yako, na mikate ya duara iliyopasuliwa katikati ikajazwa nyama ya ng'ombe iliyochemshwa taratibu. Hoteli za Waislamu unazitambua kwa kibao, mara nyingi cha kijani, chenye maandishi ya Kiarabu. Lakini chakula cha mtaani si nilichotaka kumwonyesha mama. Nilitaka aone meza ya nyumbani.

Rafiki yangu wa darasani alikuwa Mhui, na mama yake alikuwa akinialika kila mara bweni likibaki tupu wakati wa likizo. Ukifika unapewa kwanza chai kwenye kikombe chenye mfuniko. Ndani yake kuna majani ya chai, sukari ya mawe, ufuta, na kunazi kubwa nyekundu zilizokaushwa, kubwa kuliko zetu mara kadhaa. Unasogeza povu na majani kwa ukingo wa mfuniko, unakunywa, unaongezewa maji ya moto, unakunywa tena, na utamu unabadilika kadiri kunazi zinavyolainika. Wakati huo mama yuko jikoni anakata. Anakata kila kitu kwanza, anakipanga kwenye visahani, ndipo anawasha moto. Nilijifunza mengi kwa kusimama mlangoni mwa jiko lile kuliko kwenye mapishi yoyote niliyosoma baadaye.

Nililojifunza kubwa ni jinsi meza inavyopangwa. Mlo wa jioni wa nyumbani hauhesabiwi kwa sahani ya mtu mmoja mmoja. Kuna chakula kikuu, na kuna vitoweo vinavyokaa katikati, kila mtu akichota kidogo kidogo. Vitoweo hivyo havitakiwi kufanana: kimoja cha mvuke, kimoja cha kukaanga upesi kwenye moto mkali, kimoja baridi chenye siki, na kitu chepesi cha kunywa. Ukipika vinne vyote vya kukaanga, kila kimoja kinaweza kuwa kitamu, lakini meza itachosha ulimi. Chakula kikuu chenyewe kinategemea uko upande gani wa milima ya Qinling. Kusini yake watu ni wa wali. Kaskazini yake ni wa ngano. Xi'an iko upande wa ngano, na ndiyo maana niliamua moyo wa meza yangu uwe jiaozi, vijifuko vya unga vya kuchemsha.

Asubuhi ya Jumamosi niliteremka ufukweni Kunduchi kungoja ngalawa. Nilipata samaki aina ya changu, mzima, macho yakiwa bado maangavu, mashavu mekundu ndani. Nyama ya mbuzi nilichukua buchani, nikamwomba kijana asiitoe shahamu yote. Karoti, matango, nyanya, tangawizi, vitunguu saumu, vitunguu majani, giligilani, vyote ni vya genge la mtaani kwangu. Watu hudhani chakula hiki kinahitaji kontena kutoka Guangzhou. Vitu vya kununua kwenye maduka ya vyakula ya Wachina ni vitatu tu, na vinakaa miezi: sosi ya soya, siki nyeusi na huajiao. Sosi ya soya iwe ile nyepesi, maana ile nzito ni ya rangi zaidi kuliko chumvi. Soma lebo vizuri, hasa kama nyumba yenu ni ya Kiislamu. Divai ya mchele, ambayo mapishi mengi ya Kichina yanaitaka kuondoa shombo, haiingii jikoni kwa Wahui. Kazi hiyo wanaifanya kwa tangawizi, vitunguu majani na huajiao, na wala husikii pengo.

Huajiao ni vitumba vidogo vyekundu vilivyopasuka, vya mti wa jamii ya ndimu na michungwa. Ukivinusa unapata harufu ya ganda la ndimu. Havichomi kama pilipili. Vinatia ganzi ncha ya ulimi kwa dakika moja, kisha kila unachokula baadaye kinang'aa.

Sasa jiaozi. Ni vijifuko vya unga wa ngano vyenye nyama ndani, na Xi'an nyumbani kwa rafiki yangu vilikuwa vya kondoo na karoti. Kwa nusu kilo ya unga tia robo lita ya maji baridi na chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Mafuta usitie, hizi si chapati. Kanda mpaka donge liwe laini, lifunike kwa kitambaa chenye unyevu, uliache nusu saa. Huwezi kuruka nusu saa hiyo. Donge lisilopumzika linarudi nyuma kila ukilisukuma.

Nyama ndiyo inayotaka moyo. Kwanza loweka kijiko kikubwa cha huajiao kwenye kikombe cha maji ya moto, yaache yapoe, uchuje. Nyama ya mbuzi ya kusaga itie kwenye bakuli pana na tangawizi iliyotwangwa, sosi ya soya na chumvi. Halafu mimina yale maji kidogo kidogo huku ukikoroga kwa kuzungusha upande mmoja tu. Ukianza kulia, malizia kulia. Mama wa Xi'an alikuwa mkali sana kwa hili, na nilikuja kuelewa kwa nini. Mwanzoni nyama ni chembe chembe na maji yanaogelea pembeni. Unaendelea kuzungusha. Chembe zinaanza kushikana, maji yanapotea ndani yake, mwiko unakuwa mzito mkononi, na ukiuinua nyama inaning'inia bila kudondoka. Hapo ndipo unatia maji mengine. Nyama iliyokunywa maji namna hiyo ikiiva ndani ya unga inayaachia, na ukiuma unakuta mchuzi. Mwisho kabisa ndipo zinaingia karoti zilizokwaruzwa, vitunguu majani na mafuta ya ufuta.

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kiti cha jikoni akitazama bila kusema. Nilipofungua chupa ya mafuta ya ufuta alinyoosha mkono akanusa. Kwao Kilwa ufuta ni shamba, ni ada za shule, ni paa la nyumba. Nikamwambia kwamba sehemu kubwa ya ufuta wa Lindi na Mtwara unaopanda meli unakwenda China, na huko unakaangwa kwanza mpaka uwe kahawia ndipo unakamuliwa. Harufu ile ni ya kukaangwa. Akaomba tone kiganjani, akalamba, akasema, "Kumbe ndiko tunakoupeleka."

Kusukuma kuna ufundi wake. Unakata unga vipande vidogo, unavigandamiza kwa kiganja, halafu mkono wa kushoto unazungusha kipande huku wa kulia unasukuma kifimbo kutoka ukingoni hadi nusu tu na kurudi. Hufiki katikati. Kwa hiyo kingo zinakuwa nyembamba na kitovu kinabaki kinene, maana kitovu ndicho kinachobeba nyama, na kingo zitakunjwa mara mbili. Nina kifimbo changu chembamba kutoka Xi'an, lakini cha chapati kinafaa pia.

Kukunja ni kazi ya wote, na hapa ndipo ninapopapenda zaidi. Hakuna aliyefukuzwa jikoni. Binti yangu mkubwa anakunja vizuri kuliko mimi. Mdogo wake anabana kingo bila mikunjo, na zinashika vilevile. Mama mkwe, ambaye amekunja sambusa maisha yake yote, aliichukua ya kwanza, akaitazama, akaifunga kwa mikunjo midogo midogo iliyolingana kama mshono wa cherehani. Nikiwa mwanafunzi nilisimuliwa mezani pale Xi'an hadithi ya tabibu Zhang Zhongjing, aliyeishi mwishoni mwa enzi ya Han, karibu miaka 1,800 iliyopita. Inasemekana aliwakuta watu wa kijijini kwao masikio yameumizwa na baridi, akachemsha nyama ya kondoo na dawa za moto, akaifunga kwenye unga kwa umbo la sikio, akawalisha. Hiyo ni hadithi. Lakini jambo moja lina ushahidi: kwenye makaburi ya enzi ya Tang huko Turfan, jangwani, wanaakiolojia walikuta jiaozi zilizokauka, na umbo lake ni hilihili. Wanangu waliposikia hivyo waliziangalia zile zilizokuwa kwenye sinia kwa heshima mpya.

Kuchemsha: maji mengi, yakitokota tia jiaozi, sukuma taratibu kwa mgongo wa mwiko zisishike chini. Maji yakipanda mwaga kikombe cha maji baridi. Yakipanda tena, mwaga tena. Mara ya tatu zikiwa zinaelea, zimevimba, zimeiva. Maji baridi yanatuliza mtokoto ili ngozi isipasuke kabla nyama haijaiva. Na maji yale usiyamwage. Kaskazini mwa China yanachotwa kwenye bakuli yakanywewa baada ya kula, yakiwa na wanga wa unga na utamu kidogo wa nyama. Ndicho kile kitu chepesi cha kunywa kwenye meza yangu.

Samaki si wa Xi'an. Nilijifunza Guangzhou, nilikokaa baada ya masomo nikiwatafsiria wafanyabiashara wa Kariakoo walioshukia mtaa wa Xiaobei. Watu wa kusini wanaamini samaki akiwa mbichi kweli hahitaji viungo vingi, na mimi nimekuja kukubaliana nao, ingawa kwa mtu wa pwani aliyezoea nazi, ndimu na pilipili si rahisi. Changu wa kilo moja mchanje mara mbili kila ubavu, mpake chumvi kidogo, mlaze juu ya vijiti vya tangawizi kwenye sahani, sahani uiweke ndani ya sufuria kubwa ambayo maji yameshachemka, ufunike kwa dakika kumi hadi kumi na mbili. Ukifunua utakuta maji kwenye sahani. Yamwage yote; shombo limo humo. Sasa tandaza juu yake tangawizi na vitunguu majani vilivyokatwa nyuzi nyembamba kabisa, pasha mafuta kwenye karai mpaka yaanze kufuka, uyamwage juu. Yanachacharika, harufu inajaa nyumba nzima. Zungushia sosi ya soya pembeni. Basi. Nyama ya samaki inaachana na mfupa kwa kuguswa.

Vingine vilikwenda haraka. Matango nilipiga kwa ubapa wa kisu mpaka yakapasuka, nikatia kitunguu saumu, siki nyeusi, soya, mafuta ya ufuta na pilipili. Kupasua badala ya kukata kunaacha kingo zenye mikwaruzo, na siki inashika. Siki ya mkoa wa Shanxi, jirani na Shaanxi, inatengenezwa kwa mtama, na ni nzito na ina utamu kwa mbali. Siki nyeupe ya kwetu haiwezi kuchukua nafasi yake. Mwisho mayai kwa nyanya: unakaanga mayai kwanza kwenye karai lenye moto mkali, unayatoa yakiwa bado laini, unapika nyanya na sukari kidogo mpaka zitoe maji, unarudisha mayai. Watoto wengi wa China wanaanzia hapo kupika, na binti yangu ameanzia hapo. Nikapika na wali kidogo wa mchele wa Kyela kwa ajili ya samaki, wali mweupe usio na chumvi wala mafuta.

Tulikula mkekani ukumbini. Vijiti niliviweka, vijiko nikaweka, na maji ya kunawa nikaweka, kila mtu atumie kinachompa raha. Watoto niliwakumbusha adabu mbili: vijiti havisimamishwi kwenye bakuli la wali, kwa sababu vinafanana na udi unaochomwa kwa ajili ya wafu, na bakuli haligongwi, maana ni mwendo wa ombaomba. Kichwa cha samaki nilikielekeza kwa mama mkwe, kwa kuwa ndivyo anavyoheshimiwa mkubwa wa meza, na hakuna aliyegusa chakula mpaka yeye alipoanza. Hilo halikuhitaji maelezo kwa mtu yeyote pale. Ubavu wa juu ulipokwisha, mume wangu alitaka kumgeuza samaki. Nikamzuia. Wavuvi wa kusini mwa China hawamgeuzi samaki mezani wakihofia chombo kitapinduka baharini. Wanautoa mfupa juu na kuendelea kula. Mama mkwe, ambaye baba yake alikuwa mvuvi, aliutoa mfupa mwenyewe.

"Mwanangu, wali huu haujatiwa chumvi," alisema.

"Ndivyo unavyoliwa, Mama. Chumvi imo kwenye mchuzi wa samaki."

Akamwagia mchuzi, akala, akaongeza. Jiaozi alizichovya kwenye siki, na ya kwanza ilipommwagikia mchuzi kidevuni alicheka kwa sauti. Tangu tumzike baba mkwe sikuwa nimemsikia akicheka hivyo.

Mazungumzo yaligeukia Zheng He, kwa sababu mume wangu ni mtu wa Kilwa na habari za vyombo vya baharini hazimpiti. Kamanda yule wa majahazi makubwa ya Ming, aliyesafiri kati ya mwaka 1405 na 1433, alikuwa Mhui, mzaliwa wa Yunnan, na baba yake alijulikana kwa jina la hujaji. Misafara yake ilifika pwani yetu, na mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa kwa mfalme wa China. Watoto wanayajua makaburi ya nguzo hapa Kunduchi, yaliyopambwa kwa bakuli za Kichina; tumekwenda kuyatazama. Mama mkwe akasema walipokuwa wadogo wakivuka kwenda Kilwa Kisiwani waliokota ufukweni vigae vyeupe vyenye maua ya bluu, wakavitumia kwa mchezo wa kupika. Hawakuwahi kuambiwa vimetoka wapi. Binti yangu alimuuliza kama kimoja bado kipo. Akasema labda kwenye kasha la marehemu dada yake, atatafuta.

Jiaozi zilizobaki mbichi nilizipanga kwenye sinia lililonyunyizwa unga, nikazigandisha zikiwa zimetengana, ndipo nikazitia mfukoni. Zikishikana hazitenganishiki tena. Zilizobaki zimeiva tulizikaanga Jumapili asubuhi kwa mafuta kidogo mpaka chini zikawa rangi ya dhahabu, tukanywea chai ya maziwa.

Kinachofuata ni supu ya Xi'an ya nyama ya kondoo na mikate. Inataka muda. Unapewa mkate mgumu wa duara na bakuli tupu, na wewe mlaji unaumega vipande vidogo vya ukubwa wa kunde, unaweza kukaa nusu saa ukimega na kuzungumza, ndipo bakuli linarudi jikoni kumwagiwa supu. Nimepanga kuipika Idi kubwa, nyama ikiwepo. Mama mkwe ameniambia nisimkatie tiketi ya kurudi Kilwa kabla ya hapo, na kazi ya kumega mikate ameshaichukua yeye.